Nusu ya Dagaa wa Katonga

Jumamosi asubuhi Scola alifunga kanga kiunoni, akamsaidia mama yake kuanika dagaa katika mwalo wa Katonga, ufuo wa ziwa ambako mitumbwi hushusha samaki. Ilikuwa wiki ya giza, isiyo na mbalamwezi. Katika giza, taa za wavuvi huvuta dagaa wengi, na alfajiri hiyo mitumbwi ilirudi mizito. Mama yake, Marcelina, alikuwa amewahi mnadani. Alimwaga ndoo zake mchangani, akawatandaza dagaa kwa mkono mwepesi, na kila aliyepita alijua kazi hiyo ameianza zamani. Kando yake alianika Léoncie, jirani wa miaka mingi ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Watu wote mwaloni walimwita Mama Ishimwe.

Scola alikuwa mwaka wa tatu chuoni, mjini Kigoma. Alikuwa anaandika andiko la utafiti, yaani mpango unaoeleza mwanafunzi anataka kuchunguza nini na kwa njia gani. Yeye alichagua uanikaji wa dagaa. Jua lilipopanda wanawake walikaa juu ya ndoo walizozifudikiza kunywa chai, na Marcelina akamwomba binti yake asome kidogo ili nao wasikie wameandikwa vipi. Scola alifurahi. Alichukua karatasi zake, akafungua Sura ya Pili, akasoma kwa sauti:

"Wanawake wa mwalo wa Katonga hupoteza nusu ya dagaa wao kwa sababu ya kuanika mchangani na kukosa elimu."

Marcelina aliweka kikombe chini. "Rudia."

Scola akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nani kasema?"

"Wataalamu, mama. Imo kwenye ripoti."

"Walikuja lini? Mimi niko hapa tangu hujazaliwa. Nimewaona watu wa afya, watu wa ushuru, watu wa kura. Mtu wa kupima dagaa wangu sijamwona hata siku moja."

"Labda alikuja umelala, Mama Scola," alisema Mama Ishimwe. "Halafu hiyo nusu tunawalisha kunguru. Mimi nilikuwa nashangaa kunguru wangu wananenepa hivi."

Wanawake walicheka. Marcelina hakucheka.

"Na kukosa elimu," alisema. "Wewe elimu yako imetoka wapi? Imetoka kwenye mchanga huu. Kama nusu wanaoza, nilikusomesha kwa nini? Kwa kunguru?"

Scola aliinuka. Alikunja karatasi zake, akaenda kugeuza dagaa. Kwanza alimkasirikia mama yake kwa kumuumbua mbele ya watu. Ilipofika saa tisa, wakati wa kuwazoa dagaa waliokauka, hasira ilikuwa imehama. Sasa aliikasirikia ile sentensi. Ilikuwa ndani ya andiko lenye jina lake kwenye jalada, na ukweli ni kwamba hakuiandika yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Pale chuoni, kila aliyeandika kuhusu uvuvi alipewa Sura ya Pili na aliyemtangulia. Sura hiyo ndiyo hueleza watafiti wengine wamegundua nini, na ndiyo inayowachosha wengi. Basi ilipita kwenye flashi, kutoka kwa kaka kwenda kwa dada, mwaka hadi mwaka. Waliiita Sura ya Kaka. Kaka mwenyewe hakuna aliyemjua. Mwanafunzi alibadilisha jina la kwenye jalada, akageuza sentensi mbili tatu, kazi ikaisha. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Waliona ni kusaidiana.

Jumatatu Scola alirudishiwa andiko lake. Msimamizi wake, Dkt. Esther, alikuwa ameweka alama nyekundu pembeni mwa ile sentensi na kuandika: *Umeisoma ripoti hii?* Ukurasa uliofuata aliuliza tena swali hilohilo. Jopo la walimu lingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ambaye andiko lake lingekataliwa hapo angesubiri mwaka mzima ndipo aruhusiwe kufanya utafiti na kumaliza masomo. Scola alikuwa na siku kumi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bariki, mwenye steshenari iliyo mbele ya geti la chuo. Bariki ndiye aliyechapa kazi za wengi, na Sura ya Kaka ilikaa kwenye kompyuta yake. Scola alimuuliza nani aliiandika mara ya kwanza. Bariki alisema yeye anachapa tu, haulizi.

"Sasa hii ripoti ya mwaka 2021, ambayo ndiyo imetaja nusu. Unayo?"

"Dada Scola, hiyo ripoti si ya 2021. Mwaka huo niliuweka mimi. Walimu wenu hawataki vyanzo vya zamani, kwa hiyo kila mwaka navisogeza mbele kidogo." Alisema hivyo bila aibu, kama fundi anayeeleza alivyobadilisha zipu. "Hiyo sura imevusha watu wengi. Wewe inakukosesha usingizi kwa nini?"

Scola aliinua sauti. Alimwambia kuwa hiyo inaitwa kughushi. Bariki akamwomba apishe foleni, kuna wateja.

Scola akavuka barabara, akaingia maktaba ya chuo. Huko alikuwa ameingia mara nyingi, kama wenzake wote. Uliacha begi mlangoni, ukatoa kitambulisho, ukatafuta meza iliyo karibu na soketi, ukachaji simu na kusoma notisi zako. Mkutubi alikaa kwenye meza ya mbele. Wanafunzi walimsogelea kwa mambo mawili tu: kudai kitambulisho na kujitetea kwa kuchelewesha kitabu. Jina lake lilikuwa Veneranda. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Simbo, mwenye miwani na sauti isiyopanda.

"Shikamoo, Madam. Naomba vitabu vya dagaa."

"Marahaba. Unataka kujua nini?"

"Kuhusu dagaa."

"Dagaa ni samaki. Si swali," alisema Bi. Veneranda. "Unataka kujua wanazaliana vipi, wanavuliwa vipi, wanauzwa wapi, au nini?"

Hapo Scola akamwaga yote. Alieleza juu ya mama yake, ile nusu, Sura ya Kaka, na miaka inayosogezwa kwa Bariki. Bi. Veneranda alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alivua miwani.

"Umesoma hapa miaka mingapi?"

"Huu wa tatu."

"Humu ndani kuna soketi kumi na nne, na nyote mnazijua. Mimi nimesomea kazi hii chuo kikuu. Kazi yangu ni kumsaidia mtu kupata chanzo na kukipima. Nalipwa kwa kazi hiyo, na kwenu ni bure. Lakini mnavuka barabara kwenda kununua miaka ya uongo." Alirudisha miwani. "Kaa. Tuanze na hiyo nusu."

Alimwonyesha jinsi ya kurudi nyuma. Kila andiko linalotaja habari ya mtu mwingine lazima liseme limeitoa wapi. Unakwenda hapo linapoelekeza. Ukifika ukakuta nalo limetoa kwa mwingine, unaendelea, mpaka umfikie aliyepima kwa mikono yake. Kwa kuwa mwaka ulikuwa umeghushiwa, Bi. Veneranda alisema wauache mwaka, watafute kwa jina la ripoti. Walipanda kwenye rafu za tasnifu, yaani kazi za wanafunzi waliomaliza. Katika saa moja walipata nne. Zote zilikuwa na ile sentensi. Moja ilisema ripoti ni ya 2018, nyingine 2016, nyingine 2013. Ripoti ilikuwa ileile, inazaliwa upya kila baada ya miaka michache.

Ya nne ilikuwa ya zamani kuliko zote, na yenyewe ilitaja mwaka halisi: 1998. Scola aligeuza jalada aone ni ya nani. Alisoma jina, akamtazama Bi. Veneranda.

Ilikuwa tasnifu ya Dkt. Anatoli. Yeye ndiye mwenyekiti wa jopo.

"Nimekwisha," alisema Scola.

"Hujaisha. Hujaiona ripoti bado," alijibu Bi. Veneranda. "Nayo hatuna hapa. Nitamwandikia mwenzangu wa maktaba moja Dar es Salaam. Maktaba huombana. Wewe rudi kesho tutafute vyanzo vingine."

Kesho yake Bi. Veneranda aliuliza tena swali lilelile: unataka kujua nini? Scola alikuwa amelala nalo. Alisema anataka kujua ni dagaa wangapi hupotea Katonga wakianikwa mchangani, na wangapi wakianikwa kwenye chanja, zile meza za nyavu zilizoinuliwa juu ya ardhi, wakati wa jua na wakati wa mvua. Bi. Veneranda akasema hilo sasa ni swali, kwa sababu lina kitu, lina mahali, lina wakati, na linaweza kujibiwa.

Akafungua kompyuta. Alimpa Scola neno la siri la kuingilia majarida ambayo chuo kimeyalipia. Miaka mitatu Scola hakujua kuwa yapo. Waliandika "dagaa", yakaja maandiko machache.

"Ziwa hili lina nchi ngapi?"

"Nne."

"Na wote wanasema dagaa?"

Scola alimkumbuka Mama Ishimwe. "Burundi wanaita ndagala."

"Zambia ni kapenta. Na kuna jina la kisayansi, ambalo halibadiliki popote. Ukitafuta kwa jina moja umesoma ufuo mmoja."

Waliandika majina yote, moja baada ya jingine, na maandiko yakaongezeka. Mengine yalikuwa ya Kifaransa, na Bi. Veneranda alijua mwalimu wa kumsaidia Scola kuyaelewa. Alimtaka aandike kila chanzo kwenye daftari: mwandishi, jina la andiko, mwaka, ukurasa, na wapi kilipatikana. Sharti lake lilikuwa moja, na hakulegeza. Ambacho hujakifungua kwa macho yako, usikitaje.

Ripoti ilifika Alhamisi ya wiki hiyohiyo, ikiwa imeskaniwa. Walisoma pamoja ukurasa wa thelathini na moja. Namba ya nusu ilikuwepo kweli. Lakini ilipimwa katika mialo mitatu ya ziwa jingine kabisa. Ilipimwa siku za mvua peke yake. Na ndani ya hasara hiyo walihesabiwa hata dagaa waliokauka vizuri lakini wakauzwa kwa bei ya kutupa. Chini ya jedwali waandishi walikuwa wameweka sentensi hii: *Matokeo haya yasitumiwe kwa maziwa mengine wala kwa misimu mingine bila kupima upya.*

Scola aliisoma mara mbili. Aliigonga karatasi kwa kidole. "Walionya," alisema. "Walionya, na mtu akaacha onyo akachukua namba. Na hapa hakuna neno lolote la kukosa elimu. Hilo waliliongeza wenyewe humu chuoni." Akasema ataandika kuwa Katonga hakuna hasara, wanawake wanasingiziwa.

"Umepima?" aliuliza Bi. Veneranda.

"Hapana, lakini mama..."

"Basi wewe na wao mko sawa. Wamesema nusu bila kupima. Wewe unasema sifuri bila kupima. Zile tafiti za Burundi na Zambia tulizosoma juzi zinasema mchanga unapoteza zaidi kuliko chanja. Hilo nalo utaliandika, hata kama mama yako atanuna."

Scola alinuna yeye kwanza. Kisha akaliandika.

Jumapili alirudi Katonga na ratiba yake ya kupima. Alitaka mama yake aione kabla ya jopo. Marcelina alisikiliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akasema wiki mbili kati ya hizo ni za mbalamwezi. Wavuvi hawaingii ziwani, kwa sababu taa hazivuti dagaa usiku mweupe. "Utakuja na mizani yako upime mchanga," alisema. Scola alizifuta tarehe hizo. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoficha kitu, alimsomea mama yake na zile tafiti za chanja.

"Kwa hiyo nao wako upande wa wanaosema nusu," alisema Marcelina.

"Hapana, mama. Sijajua bado. Ndiyo maana nataka kupima."

Marcelina aligeuka akaendelea na kazi yake. Lakini hakumfukuza.

Alhamisi ya jopo walimu watatu walikaa mezani. Dkt. Esther alikuwa mmoja wao. Katikati alikaa Dkt. Anatoli. Scola alieleza swali lake na njia yake ya kupima. Dkt. Anatoli alifungua ukurasa wa pili, akakunja uso.

"Unasema hasara ya Katonga haijulikani. Binti, hilo linajulikana. Ni nusu. Kila kazi ya chuo hiki imeandika hivyo. Kwa nini tukuruhusu kupima kitu kinachojulikana?"

Bi. Veneranda alikuwa amemshauri asitaje jina la mtu. Alimwambia aweke ukurasa mezani, ukurasa utasema. Scola alitoa nakala ya ukurasa wa thelathini na moja, akauweka mbele ya mwenyekiti. Kisha akaeleza.

"Hii ndiyo ripoti ambayo kazi zote zimeitaja. Ni ya ziwa jingine, siku za mvua. Onyo liko chini ya jedwali."

Dkt. Anatoli alisoma. Alirudi juu, akasoma tena.

"Uliipata wapi?"

"Maktaba. Madam Veneranda aliiomba Dar es Salaam. Ilifika ndani ya siku mbili tatu."

Aliendelea kuitazama karatasi. Angeweza kuuliza swali jingine gumu. Angeweza kumkatalia kwa kosa lolote, na makosa madogo hayakosekani. Dkt. Esther alimtazama mwenyekiti bila huruma.

"Mimi sikuwahi kuiona," alisema Dkt. Anatoli mwishoni. "Niliitoa kwenye kitabu cha mtu mwingine. Nilidhani inatosha."

"Na baada yako wamepita wanafunzi wangapi?" aliuliza Dkt. Esther. "Na sisi tuliokaa hapa tukisahihisha, nani aliuliza?"

Andiko la Scola lilikubaliwa, kwa sharti kwamba habari ya ile ripoti ikae ndani ya Sura ya Pili, pamoja na onyo lake. Wiki hiyohiyo Dkt. Anatoli alikwenda maktaba akaomba maelezo ya kusahihisha yabandikwe ndani ya tasnifu yake. Alikuta wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza mbele ya meza. Bi. Veneranda alimwonyesha kiti, akawahudumia wale wawili kwanza. Tangu muhula huo, mwanafunzi haruhusiwi kwenda mbele ya jopo kabla hajakaa na mkutubi na kumwonyesha vyanzo vyake, kimoja kimoja.

Scola alipima miezi mitano, kiangazi na masika. Mizani ilikuwa ya idara. Wanawake sita walikubali dagaa wao wapimwe wakiwa wabichi na baada ya kukauka, nusu ya kila ndoo mchangani na nusu kwenye chanja ya majaribio. Alikumbuka kuwa dagaa hupungua uzito wakikauka hata bila kuharibika, kwa hiyo walioharibika aliwatenga na kuwapima peke yao. Siku za jua walioharibika mchangani walikuwa wachache sana. Siku za mvua walikaribia theluthi, na wale wa kwenye chanja hawakufika hata nusu ya hao.

Alimsomea mama yake matokeo palepale mwaloni. Marcelina hakuipenda ile theluthi. Siku nzima alikuwa mkali, hata Mama Ishimwe aliacha utani. Kesho yake alisema namba hiyo ni ya dagaa wake mwenyewe, waliopimwa mbele ya macho yake, na hawezi kubishana nayo. Wakaenda yeye na Scola kutafuta miti na nyavu chakavu za kutengenezea chanja. Masika yaliyofuata Katonga ilikuwa na chanja sita za wanawake wale, na dagaa waliotupwa walipungua kwa kila mmoja wao.

Ndipo siku moja akaja mgeni kutoka mradi fulani, akawakusanya watu, akafungua karatasi zake. Alisema inasikitisha kuwa wanawake wa mwalo huu hupoteza nusu ya dagaa wao.

Marcelina alisimama kabla mgeni hajafika kwenye sentensi ya pili.

"Mvua ikinyesha, mchangani, karibu theluthi. Jua likiwaka, kidogo sana. Kwenye chanja, hata mvua ikinyesha, haifiki nusu ya hiyo theluthi. Tumepima, imeandikwa, na majina yetu yamo," alisema. "Nenda maktaba ya chuo, meza ya mbele. Muulize Bi. Veneranda akupe. Hatozi kitu. Ukishasoma, rudi tuzungumze."

Akakaa. Mgeni alifunga karatasi zake, akaomba aandikiwe jina hilo.